Ugumu wa Kichina Hupimwa Kutoka Wapi?

Chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani huwakadiria wanafunzi wake muda wa masomo kwa kadiri ya lugha wanayokwenda kuisoma: Kihispania hupewa muda usiotimia saa 800 za darasani, Kiswahili hupewa saa 900 hivi, na Kichina, pamoja na Kiarabu, Kijapani na Kikorea, huwekwa katika daraja ya mwisho, ambayo ni saa 2,200. Hesabu hiyo imeenea ulimwenguni, na kila atakaye kuthibitisha kwamba Kichina ni lugha ngumu kuliko zote huitoa kama kadhi atoavyo hukumu, akasahau, au pengine asijue tangu hapo, kwamba saa hizo zilihesabiwa kwa kichwa cha mtu mmoja tu, naye ni Mmarekani aliyekinyonya Kiingereza pamoja na maziwa ya mama yake. Mjapani, ambaye tangu utotoni huandika lugha yake kwa alama nyingi zilizotoka China, hahitaji saa hizo zote; na Mvietnamu wa kaskazini, ambaye lugha yake ina toni sita, hashangai akiambiwa kwamba Kichina kina nne. Urefu wa safari hautajwi mpaka ijulikane msafiri ametweka kutoka bandari gani.

Muradi wa makala haya ni kuzipitia taabu zinazowapata wageni wanaojifunza Kichina, hususan lugha yake rasmi iitwayo Putonghua, na kuuliza juu ya kila moja swali ambalo ni nadra kuulizwa madarasani kwetu: je, hii ni taabu ya kila mgeni, au ni taabu ya Mwingereza ambayo sisi tumekubali kuibeba kwa kuwa tumeingia katika Kichina kwa kupitia mlangoni kwake?

Hapo zamani taabu ya kwanza ilikuwa ni kumpata mtu wa kufundisha. Mapadre wa Kitaliana Michele Ruggieri na Matteo Ricci, walioruhusiwa kukaa katika mji wa Zhaoqing mwaka 1583, walianza kazi bila ya kamusi wala kitabu cha nahau, ikawabidi watunge wenyewe kamusi ya Kireno na Kichina. Na baada yao padre Nicolas Trigault alipiga chapa, mwaka 1626, kitabu kilichoonyesha namna ya kuyaandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini. Baadaye dola ya Qing iliwakataza raia wake kuwafundisha wageni lugha, wala sheria hiyo haikuwa ya mchezo: mwaka 1759, Mwingereza James Flint alipoyafikisha mashtaka yake mbele ya serikali ya mfalme yakiwa yameandikwa kwa Kichina, yeye alifungwa kisha akafukuzwa nchini, na Mchina aliyehusishwa na maandishi yale akauawa. Robert Morrison, aliyefika Guangzhou mwaka 1807, alisoma kwa siri na waalimu waliojua kwamba wanazihatarisha shingo zao, na matunda ya siri hiyo ni kamusi yake kubwa iliyotoka kwa mafungu baina ya 1815 na 1823. Leo mlango uko wazi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika, na vyuo vikuu vya Dodoma na Dar es Salaam vikafuata mwaka 2013. Aliyekuwa akimtafuta mwalimu sasa analitafuta sikio.

Nalo sikio ndiko taabu inakoanzia, kwa sababu katika Kichina namna sauti inavyopanda na kushuka ni sehemu ya neno lenyewe, sawasawa na herufi zake. Mfano unaotajwa katika kila kitabu ni silabi *ma*, ambayo ikinyooshwa juu ni mama, ikipandishwa ni katani, ikishushwa chini kisha ikainuliwa ni farasi, na ikiporomoshwa ghafula ni kutukana. Lakini mfano ulio bora zaidi kwa watu wa pwani, ambao wamezaliwa katika biashara, ni ule wa *mǎi* na *mài*, kwa maana neno la kwanza ni kununua na la pili ni kuuza, na baina ya mnunuzi na mwuzaji pana mteremko wa sauti tu. Sisi katika Kiswahili tumezoea mkazo unaokaa karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yanayotengwa kwa mahali pa mkazo ni machache mno, kama vile barabara ambayo watu hupita juu yake na barabara yenye maana ya sawasawa. Basi mwanafunzi wetu hulisikia neno la Kichina, akaliwekea mkazo pale alipozoea kuuweka, akaiacha toni ijitafutie njia yenyewe.

Walakini kosa kubwa zaidi, na ambalo sioni likizungumzwa kadiri linavyostahili, linatokana na maswali. Mswahili akitaka kuuliza hana haja ya kuongeza neno wala kubadili mpango wa sentensi: husema "Amekuja" na sauti ikipanda mwishoni imekwisha kuwa suali. Mazoea haya yametuingia damuni, na mfanyabiashara aliyesimama mbele ya duka la nguo katika jiji la Guangzhou, akitaka kumwuliza mwenyeji kama anauza, hulitamka neno *mài* kwa kulipandisha, asitambue kwamba amesema *mái*, ambalo maana yake ni kuzika. Mchina aulizapo huweka kijineno *ma* mwishoni na huziacha toni za maneno mengine zikae mahali pake. Ndiyo maana furaha, hasira, kejeli na mshangao, ambavyo sisi huvionyesha kwa kuupindapinda mkondo wa sauti, mgeni hana budi ajifunze upya namna ya kuvionyesha. Kwa Mwingereza taabu hii ipo vile vile. Ila wako baina yetu watu ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili na ya nyumbani ni Kikikuyu, Kihaya, Kiganda au Kinyarwanda, na hao wamezaliwa katika lugha zenye toni, ingawa toni zao ni za juu na chini na aghalabu hutumika katika nahau. Masikio yao yamekwisha kufundishwa kwamba kimo cha sauti ni kitu chenye maana. Mwalimu awafundishaye bila ya kuwakumbusha hazina hiyo anawadhulumu.

Juu ya toni nne kuna mambo madogo yanayomtatiza kila mtu: toni ya tatu ikifuatwa na toni ya tatu nyingine, ile ya kwanza hugeuka ikawa ya pili, hata salamu ya kila siku, *nǐ hǎo*, haitamkwi kama ilivyoandikwa; na maneno mawili yatumikayo kuliko mengi, yaani moja na kukanusha, hubadili toni kwa kumfuata jirani. Haya huja kwa mazoea, wala hayahitaji falsafa.

Nikija kwenye konsonanti, hapa ndipo nitakapo kutua kidogo, kwa sababu tumepewa neema ambayo wengi wetu hatujui kuwa tunayo. Vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza humwambia mwanafunzi kwamba katika maandishi ya Kilatini ya Kichina, yaitwayo *pinyin*, herufi *b* na *p* hazitofautiani kama zinavyotofautiana katika lugha nyingi za Ulaya: zote mbili hutamkwa bila ya mtetemo wa koo, na kinachozitenga ni mpumuo, kwa kuwa *p* hutoka na pumzi nyingi na *b* hutoka kavu, na hali ni hiyo hiyo kwa *d* na *t*, na kwa *g* na *k*. Mzungu huwekewa kijikaratasi mbele ya midomo yake ili aone kikipepea. Lakini mtu wa Mombasa au Lamu hana haja ya karatasi, kwa maana katika lahaja yake paa la nyumba hutamkwa kavu na paa wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo, kaa la moto ni kavu na kaa wa baharini ana mpumuo, na bibi yake asiyejua kusoma hata herufi moja hawezi kuvichanganya. Maandishi yetu ya Kilatini hayakuionyesha tofauti hii, na Kiswahili cha shule kimeipuuza. Ila yeyote ailetaye darasani atakuwa amekwisha kuvuka kizingiti ambacho wageni wengine hukipiga mateke kwa miezi. Kwa mtu wa bara asiyekuwa na mpumuo katika matamshi yake, taabu ni ile ile ya Mzungu, wala sina la kumfariji.

Kuna sauti nyingine zisizokuwa na mwenziwe kwetu. Safu tatu za *z, c, s*, na *zh, ch, sh*, na *j, q, x* zimekaribiana hata mgeni huziona kama watoto mapacha, tena herufi zenyewe zinadanganya, kwa kuwa *q* si qafu na *x* si ile tunayoijua, na msomaji wetu akiona *chi* huitamka kama ya chini na China, ilhali ulimi wa Mchina umekunjwa nyuma na irabu yake siyo *i* kabisa. Aidha, Kiswahili hupenda silabi imalizike kwa irabu, na Kichina kina silabi zinazoishia kwa *n* na *ng*. Asiyezishika hizo mbili atapanda *chuáng*, yaani kitanda, akitaka kusafiri kwa *chuán*, yaani meli. Pinyin iliidhinishwa na Bunge la China tarehe 11 Februari 1958, na mmoja wa waliojitahidi katika kuitunga, Zhou Youguang, aliishi mpaka mwaka 2017 akiwa amepita umri wa miaka 111. Ni ngazi nzuri, ila aliyedhani kwamba ngazi ndiyo nyumba hulala nje.

Nyumba yenyewe ni maandishi. Hapa ndipo wageni wengi wakatapo tamaa, na hapa pia ndipo vitisho vinapozidi ukweli. Kamusi iliyotungwa kwa amri ya mfalme Kangxi, iliyokamilika mwaka 1716, ina alama zaidi ya 47,000, na mtu akiitaja idadi hiyo msikilizaji hushika kichwa. Lakini orodha rasmi iliyotolewa na serikali ya China mwaka 2013 ina alama 8,105, na katika hizo ni 3,500 tu zilizowekwa katika daraja ya kwanza ya matumizi ya kila siku. Idadi kubwa ya zile nyingine ni majina ya kale, mimea, mito na vitu ambavyo Mchina msomi naye hufungua kamusi avijue.

Isitoshe, alama hizi si michoro iliyotupwa ovyo. Aghalabu alama moja ina sehemu mbili, moja inayodokeza maana na moja inayodokeza sauti: neno mama huandikwa kwa alama ya mwanamke ikiwa ubavuni mwa alama ya farasi, kwa kuwa mama ni mwanamke na farasi huitwa *mǎ*. Ichukue alama isomwayo *qīng*, ambayo ni rangi ya kijani au buluu. Itie maji, nayo huwa *qīng*, safi. Itie jua, huwa *qíng*, anga iliyotakata. Itie moyo, huwa *qíng*, yaani hisia za mtu. Itie maneno, huwa *qǐng*, yaani kualika au kusema tafadhali. Mwanachuoni Xu Shen alizichambua alama 9,353 kwa njia hii katika kamusi yake miaka takriban 1,900 iliyopita, na mpaka leo kuzitafuta alama katika kamusi ya karatasi ni kuzitafuta kwa mashina yake na kwa hesabu ya mikato ya kalamu. Taabu ni kwamba matamshi yamehama na alama zimebaki: bahari ni *hǎi*, nayo sehemu yake ya sauti hutamkwa *měi*, na mgeni aliyeifurahia kanuni jana huiona leo ikimsaliti.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Wazee wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na kwa desturi ya zamani alama moja ya kasra ilitosha kwa *e* na kwa *i*, dhuma moja ikatosha kwa *o* na kwa *u*, na herufi moja ya *be* mara nyingi ikabeba *b*, *p*, hata *mb*. Msomaji hakuweza kulisoma neno mpaka awe analijua, naye alilijua kwa kuwa lugha ilikuwa yake. Maandishi yaliuliza swali na ulimi ukalijibu. Mchina naye huisoma alama yake kwa namna isiyokuwa mbali na hiyo, na mgeni hushindwa kwa kuwa anataka alama imfundishe lugha. Tena njia ya kuzihifadhi ni ile ile ya chuoni, ya ubao, kalamu ya mwanzi na kurudia mpaka mkono ujue kabla ya akili. Mtoto wa Kichina hufanya hivyo kwa miaka yote ya shule ya msingi, na mtu mzima mwenye kazi na familia hujilaumu akishindwa kuyafanya kwa miezi sita. Na ajabu ni kwamba siku hizi Wachina wenyewe, ambao simu zao huwaletea alama wakishagusa herufi mbili tatu za pinyin, hulalamika kwamba wakiishika kalamu alama huwatoka kichwani, na wanao msemo maalumu wa maneno manne wa kulitaja gonjwa hilo.

Kwamba Kichina chaweza kuishi bila ya alama hizo, ushahidi upo, na sehemu yake inatuhusu sisi kwa jamaa ya dini. Waislamu wa kabila la Hui walibuni maandishi waliyoyaita *xiao'erjing*, ambayo ni Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu pamoja na irabu zake, na wanafunzi wa madrasa zao waliyatumia kuandikia maelezo ya vitabu vya dini. Na jamaa zao waliohamia Asia ya Kati, waitwao Wadungani, huandika lahaja yao kwa herufi za Kirusi tangu miaka ya 1950. Wote hawa hawaandiki toni, nao husomana bila ya shida. Lakini mgeni asijipumbaze kwa habari hizi. Kichina cha Putonghua kina silabi 400 hivi ukiziacha toni, na 1,300 hivi ukizihesabu, kwa hiyo maneno yafananayo ni mengi kupita kiasi, na mwanaisimu Yuen Ren Chao aliwahi kutunga kisa kizima, chenye alama zaidi ya 90, ambamo kila neno hutamkwa *shi* kwa toni hii au ile: ukikisoma kwa macho utakielewa, ukisomewa hutaambulia kitu. Rai yangu ni kwamba mwanafunzi aanze kwa sikio na ulimi miezi kadhaa, kisha aingie katika alama bila ya kuchelewa sana, kwa sababu aliyejifunza bila ya alama hufika mahali ambapo maneno mapya hayamkai, hana msumari wa kuyatundika.

Nahau ya Kichina husifiwa kuwa nyepesi, kwa kuwa kitendo hakigeuki kwa nafsi wala kwa wakati, na sifa hiyo ni ya kweli mpaka mtu akutane na kijineno *le*. Vitabu vya Kiingereza huanza kwa kumwambia mwanafunzi kwamba *le* si wakati uliopita, kisha hutumia kurasa nyingi kueleza kwamba hutokea katika wakati uliopita, na katika hali iliyobadilika, na hata katika wakati ujao, na mwanafunzi hutoka akiwa amechoka kuliko alivyoingia. Laiti angelielezwa kwa Kiswahili! *Tā pàng le* ni amenenepa. *Wǒ chī le* ni nimekula, na tofauti yake na nilikula Mswahili anaijua kwa tabia yake. Na ile *le* ya siku zijazo, kama Mchina asemapo kwamba kesho akila *le* ndipo ataondoka, siyo fumbo jipya. Ni kesho nikisha kula, nitaondoka. Sidai kwamba *-me-* na *-kisha* huyafunika matumizi yote ya *le*, kwa maana yako mahali ambapo njia zao huachana, lakini aanzaye kutoka kwa *-me-* ameanza katika mtaa ule ule, na aanzaye kutoka katika nyakati za Kiingereza ameanza ng'ambo ya mto.

Ndivyo ilivyo kwa maneno ya kuhesabia. Mchina hasemi samaki watatu wala meza tatu tu. Baina ya idadi na kitu hutia neno la jamii ya kitu hicho, *tiáo* kwa vitu virefu vipindikavyo kama mto, njia, samaki na suruali, *zhāng* kwa vitu vyenye uso bapa kama karatasi, meza na kitanda, *bǎ* kwa vitu vya kushikwa kama kisu, mwavuli na kiti. Mwingereza huyaona haya kama adhabu. Sisi tuliogawa ulimwengu wote katika ngeli, tukaweka uzi, ufagio, ulimi na ukuta katika kundi moja na miti na mito katika jingine, hatuna haki ya kushangaa. Tena Mchina ametuhurumia, kwani hakuufuatisha mgawanyo huo katika sifa, katika kitendo na katika kiashiria kama tufanyavyo sisi. Vivyo hivyo *tā*, ambalo ni mwanamume na ni mwanamke kwa sauti moja kama yeye, na *kàn* na *kànjiàn*, ambayo ni tazama na ona, na ndugu wa wazazi: Mzungu huumiza kichwa kutenga *bófù*, *shūshu*, *jiùjiu* na *gūgu*, ambao watatu wa kwanza kwake wana jina moja, nasi tunao hao hao nyumbani, baba mkubwa, baba mdogo, mjomba na shangazi.

Insafu inataka niyataje pia yale ambayo kwetu ni magumu kuliko kwa Mwingereza. Kubwa ni mpango wa maneno yanayolipamba jina. Sisi hutaja kitu kwanza, kisha tukakieleza: kitabu kile kizuri nilichokinunua jana. Mchina huanza na maelezo yote, yakafuatana kama msafara, na jina likaja mwisho kama bwana arusi: mimi jana nunua *de* kitabu. Katika sentensi fupi hili halina neno, ila katika gazeti, ambapo maelezo yaweza kuchukua mstari na nusu kabla jina halijatokea, na ambapo maneno hayakutengwa kwa nafasi hata ijulikane moja linaanzia wapi, msomaji wetu husubiri asijue anasubiri nini. Jingine ni hesabu kubwa, kwa kuwa Mchina hufunga hesabu zake kwa elfu kumi, aiitayo *wàn*, na sisi tunaokwenda kwa elfu, laki na milioni hatuna budi tukate mafungu upya: laki tatu na nusu ni *wàn* 35, na milioni ni *wàn* mia. Nimewaona watu hodari wa bei wakitoa kikokotoo mfukoni hapo, wala si aibu.

Msamiati nao una nyuso mbili. Lugha zetu za jirani zimeazimana sana, hata msomaji wa Kiswahili akifungua kitabu cha Kiarabu, Kihindi au Kiingereza hukuta jamaa zake kila ukurasa. Katika Kichina hakuti mtu. Mchina hapendi kuazima sauti, hutafsiri: simu ni maneno ya umeme, kompyuta ni ubongo wa umeme, na treni ni *huǒchē*, gari la moto, ambalo babu zetu walioiita gari la moshi wangelifahamu bila ya mkalimani. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ni jangwa, na mwaka wa tatu maneno mapya huanza kujieleza yenyewe. Ila majina ya nchi na watu ni mtihani mpaka mwisho, kwa maana Tanzania ni *Tǎnsāngníyà*, Zanzibar ni *Sāngjǐbā'ěr*, na Marekani ni *Měiguó*, ambalo alama zake husomeka nchi nzuri. Na juu ya maneno kuna misemo ya silabi nne iliyobeba visa vya kale, ambayo asiyekijua kisa hawezi kuifumbua. Lakini mingine inatupokea kwa tabasamu, kama ule usemao kumpigia ng'ombe kinanda, ambao sisi, kwa kutokuwa na ng'ombe wengi pwani, twampigia mbuzi gitaa.

Lahaja ni bahari nyingine, na nitaichungulia tu. Serikali ya China iliiweka wazi mwaka 1956 tafsiri ya Putonghua kuwa ni lugha yenye matamshi ya Beijing na msingi wa lahaja za kaskazini, kama vile miaka zaidi ya ishirini kabla ya hapo Kiunguja kilivyofanywa msingi wa Kiswahili Sanifu huku kwetu. Lakini baina ya Kiunguja na Kimvita watu husikilizana na kutaniana, ilhali baina ya Putonghua na Kikantoni cha Guangzhou, ambako wafanyabiashara wetu wengi huenda, hakuna kusikilizana ila kwa maandishi. Mwanafunzi aliyefuzu mtihani wake akasikia wazee wa sokoni wakizungumza asielewe hata neno asidhani kwamba amedanganywa na mwalimu.

Wachina kwa upande wao hawakusubiri. Radio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, na vyuo vya Beijing vimekifundisha Kiswahili tangu miaka hiyo hiyo, kwa vitabu vilivyoandikwa na Wachina kwa ajili ya masikio ya Wachina. Sisi huku bado twasoma Kichina kwa vitabu ambavyo vingi maelezo yake ni ya Kiingereza, tukifundishwa kuogopa vitu tuvijuavyo na kupitishwa haraka juu ya vile tusivyovijua. Nawaomba basi wanazuoni wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, pamoja na vijana wetu waliorejea kutoka China na shahada zao, watutungie kitabu cha nahau ya Kichina kwa Kiswahili, kitakachoanza sauti kwa paa wa Mombasa, kikaanza *le* kwa *-me-*, kikakaa sana kwenye sentensi zinazopinduka na juu ya *wàn*, na kikawa na kamusi nyuma yake. Neno la kwanza la kamusi hiyo msomaji analo mdomoni kila asubuhi, kwani chai imetoka kwao, nao huitamka *chá*, kwa toni ya pili, ile ya kupanda.